Pikapu yanuka petroli nikijaza tangi

Ndugu zangu wa Malindi, hii pikapu yangu mzee nikijaza full inanuka petroli balaa, nusu tangi hainuki kitu na chini sioni tone. Shida nini?

> Kutu iko juu ya tangi kaka, ukilala chini huioni. Mchanga na chumvi ya bahari vinakaa pale juu na kwenye mikanda ya tangi, vikishika unyevu chuma kinaliwa polepole. Shusha tangi, na mpira wa kujazia pia uangalie kama umepasuka.

> Na fundi asikuchomelee ati tangi limekauka!! tupu ndo hatari zaidi, mvuke unabaki mle ndani, cheche moja tu limelipuka

> Asanteni, nalishusha jumamosi. Nani anauza lingine Malindi au Watamu?