Tupeane uzoefu: kuuguza mgonjwa wa saratani ukitokea kijijini

MamaKulwa: Leo stendi ya Nyegezi nimeona mama kapakata mtoto, shavu limevimba upande mmoja. Moyo ukanilipuka. Mliouguza mkitokea vijijini, mliwezaje? Sisi kilichotumaliza ni nauli na pa kulala, wala si dawa.

Mvuvi_Kome: Na chakula cha anayeuguza. Hicho hakuna anayekuuliza.

BintiPamba: Wangu alianza na meno kuchezacheza. Zahanati wakasema jino, likang'olewa. Taya likazidi, jicho likaanza kutoka nje. Mganga akamchanja chale shavuni, akaondoka na mbuzi wetu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakakata kinyama wakapima: Burkitt, saratani ya tezi. Dripu ya kwanza tu ya dawa ya saratani, uvimbe ukanywea! Shemeji akaja: "Kapona huyo, mnakaa mjini kufanya nini?" Alfajiri naamka, kitanda kitupu. Kamtorosha na kanula, kile kisindano cha dripu, mkononi! Nikapanda bodaboda mpaka Kigongo. Enzi hizo daraja bado, nikawakuta kwenye foleni ya pantoni. Nililala mbele ya tairi la hiace, abiria wakanitukana weee.

Mvuvi_Kome: Duh! Mtoto je??

NesiMstaafu: Burkitt hukua haraka na kwa dawa hunywea haraka, ndiyo maana watu wanadanganyika. Kunywea si kupona. Mizunguko yote ya dawa imalizwe.

MtiShamba: Hizo dripu ni sumu. Mizizi ipo, ni PM.

Mvuvi_Kome: Wewe ndiye uliyebeba mbuzi?

MtiShamba: Heshima iwepo, mkuu.

Kibondo_Yetu: Mama yangu saratani ya shingo ya kizazi. Damu inamtoka, anasema hedhi imerudi uzeeni. Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, tulifika kwa kuchelewa, wakatupa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Kaka akaificha, eti mama atakuwa teja. Mama analia usiku kucha, kachupa kako juu ya kabati!

NesiMstaafu: Mpeni kwa saa zake, msingoje alie. Na nyie wadada, kipimo cha siki cha shingo ya kizazi ni dakika chache, nendeni kabla ya dalili.

JobeKaliua: Hela ikikwama ingia ustawi wa jamii hapohapo hospitali, na barua ya mtendaji mkononi.

Kibondo_Yetu: Barua ya mtendaji? Andaa na ya soda.

JobeKaliua: Mimi sikutoa hata mia.

Kibondo_Yetu: Basi huyo mtendaji ni shemeji yako 😂

Mvuvi_Kome: Jamani, BintiPamba hajajibu. Mtoto?

BintiPamba: Yupo, la sita, mtundu hatari. Shemeji ndiye hatusalimiani mpaka leo.