Taa ya ABS inawaka inazima, ninunue sensa?

mtu_wa_paje: Asalam alaykum, tangu juzi nilipokatiza maji ya mvua Mwanakwerekwe taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) kwenye Toyota IST yangu inawaka inazima, na nikikaribia kusimama pedeli inanitetemeka mguuni krrr hata lami ikiwa kavu. Fundi kasoma na mashine imetoka kodi ya hitilafu C0205, anataka ninunue sensa ya kusoma mwendo wa tairi leo leo.

yakhe_spana: Tulia yakhe. Kodi hiyo ni ya sensa ya tairi ya mbele kushoto lakini haisemi sensa imekufa, inaweza ikawa waya au soketi imeingia maji. Afungue laivu data (mwendo wa kila tairi unavyosomwa papo hapo kwenye mashine) muende taratibu kilomita 20 kwa saa, tairi tatu zikisoma 20 hiyo moja ikarukaruka basi tatizo liko palepale.

binti_gereji: Vua tairi kwanza. Huku pwani chumvi inakula chuma, kutu inajaa chini ya sensa inainyanyua mbali na ringi inayozunguka na tairi ambayo sensa inaisoma, mie niliisugua kwa brashi ya waya taa ikazima. Na itikise tairi, beringi ikicheza inaleta hayohayo.

mtu_wa_paje: Soketi ilikuwa kijani ndani! Nimesafisha, nimekausha, kodi imefutwa, mpaka leo kimya. Fundi kanuna.