Bango linalomsemesha mtoto peke yake: lile la Hispania lilitengenezwaje, na kituo cha daladala kinalifaa?

PwaniTanga:
Wakuu, habari za saa hizi. Wengi mtakuwa mmeliona bango la ANAR, taasisi ya kutetea watoto ya Hispania, la mwaka 2013, kazi ya wakala wa matangazo Grey. Mtu mzima anaona uso wa mtoto mwenye huzuni, na maneno ya kumkumbusha kwamba mateso mengine anayaona mtoto mwenyewe tu. Mtoto wa chini ya mita 1.35 akisimama palepale anaona uso uleule una majeraha, pamoja na namba ya kupiga, 116 111. Mzazi kamshika mkono wala hajui mwanawe anasoma nini.

Tunataka kufanya hivyo kwa namba ya watoto ya hapa kwetu, 116, kwenye vituo viwili vya daladala Tanga. Bango lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.8. Linatengenezwaje, na linaharibikia wapi?

FundiChapa:
Hakuna skrini wala umeme humo. Ni plastiki ya lenzi, ndugu ya zile picha za ukutani ambazo ukisogea zinabadilika. Mbele ina mifuo midogo na kila mfuo ni lenzi. Nyuma zimechapwa picha mbili zilizokatwa vipande vyembamba na kusukwa: kimoja cha mkubwa, kimoja cha mtoto, hivyo hivyo mpaka chini. Jicho linaona kipande kimoja tu, kutegemea linatokea juu au chini.

Kwa hiyo mifuo lazima ilale. Ukiisimamisha wima, kila mpita njia ataona picha zote mbili kwa zamu na siri imekwisha.

Chukua karatasi ya plastiki ya lenzi yenye mifuo 20 kwa inchi. Kila lenzi ina milimita 1.27, na bango lako la mita 1.8 litakuwa na lenzi 1,400 na ushei. Ukichapa kwa nukta 720 kwa inchi unapata nukta 36 chini ya kila lenzi, 18 za mkubwa na 18 za mtoto. Kipande cha mkubwa kinakaa nusu ya CHINI ya lenzi, cha mtoto nusu ya juu, maana mstari wa jicho ukipita kwenye lenzi unavuka upande wa pili. Ukikosea hapo, wazazi ndio watakaosoma namba.

Yanayoharibu kazi, kwa uzito wake:

Kipimo cha lenzi. Karatasi iliyoandikwa 20 inaweza kuwa 20.04 au 19.97. Chapa kwanza ukanda wa majaribio, kuanzia 19.90 hadi 20.10 kwa hatua ya 0.02, kila hatua ikiwa na vipande vyeusi kwa picha moja na vyeupe kwa nyingine. Simama umbali uleule watakaosimama watu, fumba jicho moja, chagua hatua inayogeuka yote kwa mpigo. Ukipima kwa umbali wa mkono kisha bango litazamwe kwa mita 2, jibu litakuwa jingine. Na kila bunda jipya la karatasi lipimwe upya.

Faili. Ihifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha, bila kubanwa. Mtu wa printa akibonyeza "tosheza ukurasa" hata kwa asilimia 0.2, bango zima litakuwa na mawimbi. Zima pia uchapaji wa kwenda na kurudi. Kichwa cha printa kichape kikienda upande mmoja tu.

Joto. Chapa wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga) moja kwa moja mgongoni mwa plastiki, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, kisha wino mweupe juu yake. Wanaochapa kwenye karatasi nyingine na kubandika kwa gundi wanajitafutia balaa: plastiki ya mita moja ikipanda nyuzi 20 inarefuka kama milimita 1.4, yaani zaidi ya lenzi nzima, na karatasi ya nyuma haiifuati. Asubuhi bango zuri, saa nane mchana mtoto na mzazi wanaona uji mmoja.

Kuvuja. Uso mweupe juu ya uso wenye kidonda cheusi, kimoja kitaonekana kama kivuli ndani ya kingine. ANAR walitumia uso uleule, mkao uleule, nguo ileile. Kilichobadilika ni majeraha na maandishi. Si usanii tu, ndiyo njia ya kuficha uvujaji. Maandishi ya pande zote mbili yakae juu ya rangi ya kati, sio nyeupe tupu. Tarakimu zisipungue sentimita 4.

Weka benchi mbele ili watu wasikaribie mno. Hilo atalieleza mwingine, nimechoka kuandika.

mizani_7:
Fundi kamaliza habari ya kuchapa, ila benchi hapana! Mtu mzima aliyekaa benchini macho yake yako kwenye mita 1.15 hadi 1.2. Huyo kwa bango ni mtoto. Atasoma kila kitu, na kituoni watu wazima wanakaa.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Usipime kimo, pima urefu wa macho. Macho yako kama sentimita 11 chini ya utosi. Mtoto wa mita 1.35 anatazama kutoka 1.24. Mama mfupi wa mita 1.55 anatazama kutoka 1.44. Una sentimita 20 tu za kuchezea. Weka mpaka wa picha mbili kwenye 1.34 na ukumbuke kwamba picha hazigeuki ghafla: kuna pembe ya nyuzi kadhaa za mchanganyiko katikati. Zikiwa nyuzi 5, kwa mita 2 ni sentimita 17, umepona. Kwa mita 4 ni sentimita 35, mama mfupi na mtoto wa darasa la tatu wote wako ndani ya ukungu. Bango hili ni la mtu aliyesimama karibu, si la aliye ng'ambo ya barabara.

Karibu mno nako kubaya. Kama lenzi ina pembe ya kuonea ya nyuzi 45, nusu ya mtoto inaishia nyuzi 22 na kidogo chini ya mpaka. Mtoto ambaye macho yake yako mita 1.14, akisogea hadi nusu mita, amefika ukingoni. Akiendelea kusogea picha ya wakubwa inarudi. Kwa hiyo weka bomba la chuma au maua kuzuia mita moja mbele. Kitu kisichokalika.

Namba iwekwe mita 1.2 hadi 1.4 kutoka ardhini. Sehemu hiyo iko usawa wa mpaka, kwa hiyo mpaka wake haupandi wala kushuka sana mtu akisogea mbele au nyuma. Maandishi yaliyo juu kabisa ya bango yatakusumbua. Na pima kutoka pale miguu itakaposimama: ukingo wa barabara wa sentimita 15 unamgeuza mtoto kuwa mtu mzima.

Kisonoko:
Mimi nina neno kuhusu wazo lenyewe. Siri ya ANAR ilidumu kwa muda mfupi sana. Mei 2013 video ya kueleza bango ilisambaa dunia nzima, na mtesaji naye ana simu. Wazo lilikuwa sahihi, lakini walioliona zaidi ni watu wazima kwenye intaneti. Mkilifanya Tanga msilipige picha ya mtandaoni wiki ya kwanza kwa kutafuta sifa.

Lingine: ujanja wa mahali hauhamishiki hivihivi. Angalieni UTEC, chuo cha uhandisi cha Lima, Peru. Wao na wakala Mayo DraftFCB walisimamisha bango pale Bujama, kusini mwa Lima, linalotoa maji kutoka hewani: kama lita 96 kwa siku, lita 9,450 kwa miezi mitatu. Lima karibu haina mvua, lakini unyevu wa hewa unafika asilimia 98. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 90 ina kama gramu 15.5 za maji kwa mita moja ya ujazo. Ukiipoza hadi nyuzi 10 inakuachia 6. Tanga ungepata zaidi. Lipeleke Dodoma kiangazi, nyuzi 25 na asilimia 45, utapata gramu moja na bili ya umeme. Tena lilitangaza chuo cha uhandisi kwa uhandisi wenyewe. Kampuni ya soda ingeliiga lingebaki kiroja.

Kwenu, swali ni mtoto wa miaka sita asiyesoma vizuri. Maneno hayamsaidii. Tarakimu tatu, picha ya simu, basi.

PwaniTanga:
Asanteni sana. Bajeti ikigoma kwa vituo vyote viwili?

mizani_7:
Fanya kimoja, na kwanza chapa kipande cha A3 chenye namba tu, kishikize kwenye nguzo, pitisha watoto na akina mama wafupi. Kikikataa umepoteza kipande, sio bango. Kituo cha pili acha. Hela yake nunua stika za kawaida za 116, bandika upande wa ndani wa milango ya vyoo vya shule za msingi, sentimita 90 kutoka sakafuni. Pale mtoto yuko peke yake bila lenzi yoyote.

FundiChapa:
Na vumbi. Mifuo iliyolala inashika vumbi kuliko iliyosimama. Kitambaa laini, maji na sabuni kidogo, futa kwa kufuata mfuo, kila wiki. Ukifuta juu-chini unakwaruza lenzi na hakuna dawa. Halafu wapigieni watu wa 116 wenyewe kabla ya kubandika, wajue tarehe, wasije wakazidiwa na simu bila kujua zinatoka wapi.