Chaja yetu inakoroga redio ya jirani, na boksi la chaja linapiga shoti: tuanze kurekebisha wapi?

Fundi wa Kihonda ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha karakana ndogo hapa Morogoro ambamo mimi na vijana wanne tunaunda chaja za betri za volti 12, ampea 10, kwa wateja wenye pikipiki, bajaji na mifumo ya sola. Hatutumii ile transfoma nzito ya chuma, bali saketi inayokatakata umeme kwa kasi ya kilohezi 65 hivi, ndani ya boksi la bati. Chaja inajaza betri vizuri na haichemki kupita kiasi.

Tatizo lilianzia kwa mzee jirani yetu, msikilizaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kila tulipowasha chaja mezani, redio yake ilijaa mkwaruzo hadi sauti ya mtangazaji ikapotea. Nilifunga kapasita mbili za nanofaradi 100, zile za plastiki za kawaida zilizoandikwa volti 400, moja kutoka waya wa moto na nyingine kutoka nyutro, zote zikaishia kwenye bati la boksi. Redio ilitulia papo hapo, nasi tukaendelea kuuza. Wiki iliyofuata mteja alirudi na chaja yake. Alikuwa peku kwenye sakafu ya saruji iliyotoka kudekiwa, akagusa boksi, na mkono ukamkaza kwa sekunde kadhaa kabla hajaweza kuuvuta.

Tangu nizifunge kapasita hizo nimeuza chaja 23. Naomba kujua kama hatari hii ni kubwa kweli au ni mtetemo tu, na ni njia ipi itakayoituliza redio bila kumdhuru mtu, kwa sababu tunakusudia kuipeleka chaja hii TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ili ipate alama ya ubora.

Mhandisi Mstaafu amejibu:

Kaka, nianze na lililo la haraka: zikusanye zile chaja 23 kabla ya kusoma sehemu nyingine ya jibu langu. Hatari ni kubwa, na hesabu yake ni fupi. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye umeme wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde hupitisha takriban miliampea 7.2. Kama boksi halikuunganishwa na waya wa ardhi, kapasita zako mbili hugawana umeme katikati, na boksi hubaki na karibu volti 115 likimsubiri atakayeligusa. Miliampea 7 ni kiasi ambacho msuli wa mkono huweza kukaza na mtu akashindwa kuachia, hasa mtoto au mtu aliyelowa, nayo haifikii miliampea 30 ambazo zile swichi za kunasa umeme unaovuja husubiri ndipo zikate. Kwa hiyo hata nyumba iliyofungwa swichi hiyo isingemwokoa mteja wako.

Jambo la pili ni baya zaidi. Kapasita ya kawaida ikichoka huweza kufa kwa kujifunga, yaani ikawa kama kipande cha waya, na siku hiyo boksi lote linakuwa waya wa moto. Ndiyo maana zimetengwa kapasita za daraja la Y, ambazo kiwango cha kimataifa cha IEC 60384-14 kinadai zihimili mapigo makubwa ya umeme na zijengwe kwa namna ambayo haitarajiwi kabisa zijifunge. Zile za daraja la X huwekwa kati ya waya wa moto na nyutro, ambako kujifunga kwake kutakata fyuzi tu. Kati ya umeme wa nyumba na chochote kinachoguswa na mkono, ni Y peke yake. Chukua mbili za nanofaradi 2.2, na uvujaji utashuka hadi miliampea 0.16. Kifaa chenye waya wa ardhi kinachobebeka huruhusiwa miliampea 0.75, kwa hiyo utakuwa umebaki ndani ya mipaka kwa nafasi nzuri.

Utaniambia kwamba nanofaradi 2.2 hazitatosha kuituliza redio ya mzee, na kweli peke yake hazitoshi. Kazi iliyobaki ifanywe na koili. Chukua pete ya feraiti, uzungushe waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa pete, mizunguko sawa, kisha weka kapasita ya X ya nanofaradi 220 kati ya nyaya hizo mbili, na ipewe rezista ya kuimwaga ili plagi isibaki na umeme baada ya kuchomolewa. Nguvu ya koili hukua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka mizunguko 10 kwenda 20 unapata mara nne, lakini usijaze pete kwa tabaka juu ya tabaka, kwa sababu mkwaruzo wa masafa ya juu utaruka kutoka tabaka hadi tabaka.

Boksi la bati libaki, mradi plagi iwe ya miguu mitatu na waya wa kijani na njano ukazwe kwenye bati kwa bolti yake wenyewe, isiyoshika kitu kingine.

Dada wa Maabara amejibu:

Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kwa kila neno isipokuwa hilo la mwisho, na ninaomba nieleze kwa nini.

Waya wa ardhi tunaousifu vitabuni haupo katika nyumba nyingi ambamo chaja hii itatumika. Nimekuta soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halina waya wowote nyuma yake. Nimekuta pia watu wakichomeka kalamu kwenye tundu hilo la juu ili kufungua vizibo na kuingiza plagi ya miguu miwili. Mtu wa namna hiyo hakosi akili. Ana betri inayotakiwa kujaa kabla ya alfajiri. Chaja ambayo uhai wa mtumiaji wake unategemea waya usiokuwepo haifai kwetu. Fundi, hamia kwenye boksi la plastiki lisiloshika moto na ujenge kwa insulesheni maradufu, ile inayotambulishwa kwa alama ya mraba ndani ya mraba. Mkwaruzo mwingi wa chaja ndogo kama yako hutoka kupitia nyaya zake, kwa hiyo kuliacha bati hakukupotezei mengi.

Ukichagua njia hiyo, kapasita ya Y haitakwenda kwenye boksi tena, bali kati ya upande wa umeme wa nyumba na upande wa betri. Hapo iwe ya Y1, ngazi imara zaidi ya daraja hilo, au mbili za Y2, ngazi inayoifuata, kwa mfuatano, kwa kuwa sasa mteja anaigusa kupitia klipu za betri. Kwenye bodi, acha nafasi ya milimita 6 hadi 8 kati ya pande hizo mbili, na usiruhusu njia yoyote ya shaba kupita chini ya transfoma. Maabara watapitisha volti 3000 kati ya pande hizo kwa dakika moja, na nimeshuhudia bodi nzuri ikifeli kwa sababu ya utomvu wa solda ambao haukusafishwa.

Sasa kuhusu redio. Angalia transista ya kukatakata imefungwa wapi. Nina hakika kubwa kwamba imebanwa kwenye bati la boksi kupitia kijikaratasi cha maika. Mgongo wa transista hiyo unapanda na kushuka mamia ya volti mara 65,000 kwa sekunde, na maika pamoja na bati ni kapasita kamili ambayo hukuinunua. Weka kipoza joto chake ndani, kiunganishe na hasi ya upande wa umeme wa nyumba, na ukitenge kabisa na chochote kinachoguswa. Hapo utakuwa umeukata mkwaruzo kwenye chanzo chake.

Kabla ya kulipia kipimo, tumia redio ndogo ya betri yenye AM. Iweke katikati ya stesheni mbili, ipitishe taratibu kando ya waya wa plagi, kisha kando ya nyaya za betri, na sikiliza ni upande upi unaonguruma. Haikupi desibeli, lakini inakuonyesha mahali pa kuweka feraiti. Maabara huanza na mkwaruzo unaorudi kwenye nyaya za umeme, kati ya kilohezi 150 na megahezi 30, kisha hupima unaosafiri hewani kuanzia megahezi 30, ambako ndiko FM ilipo.

Mkaguzi wa Zamani amejibu:

Naongeza la makaratasi, kwa ufupi. Usalama wa chaja za betri za matumizi ya nyumbani uko katika IEC 60335-2-29, isomwayo pamoja na sehemu yake ya kwanza. Mkwaruzo uko katika CISPR 14-1. CISPR ni kamati iliyoanza kazi mwaka 1934 kwa ajili ya wasikilizaji wa redio, kwa hiyo mzee jirani yako ana haki ya zamani sana. Kuna pia IEC 61000-3-2 kuhusu umbo la mkondo unaovutwa kutoka kwenye gridi, na hapo usiingie gharama: chaja yako inavuta takriban ampea moja, ilhali kikomo cha sehemu ya mkondo yenye masafa mara tatu ya yale ya gridi kwa daraja lako ni ampea 2.3.

Tafadhali usibandike alama ya CE. Ile ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za Ulaya, na anayeibandika bila majalada ya vipimo anatoa kauli ya uongo. Zungumza na SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, mkoani kwako, kisha uende TBS na mchoro wa saketi mapema, kabla hujalipia kalibu ya boksi la plastiki, maana nafasi za ndani ya boksi zikikosewa kalibu nzima hutupwa.

Fundi wa Kihonda amerudi:

Ahsanteni sana wazee wangu na dada yangu. Chaja 19 zimekwisha kurudi, na kwa zile 4 zilizobaki nimewapigia wenyewe simu wasizichomeke hadi niwafikie. Transista ilikuwa kwenye bati, kupitia maika, kama dada alivyosema. Jana nimejenga moja kwenye boksi la plastiki la kuazima, kipoza joto kikiwa ndani, Y1 moja ya nanofaradi 2.2, na feraiti ya mizunguko 14. Redio ya AM bado inanguruma kidogo kando ya nyaya za betri ikiwa karibu kiasi cha shubiri moja, na ikisogezwa zaidi ya hapo inatulia. Saa mbili usiku niliipeleka kwa mzee, nikaichomeka kwenye soketi ileile ya redio yake, tukasikiliza habari hadi mwisho. Leo nimefungua soketi hiyo kwa ruhusa yake: tundu la ardhi halina waya. Nimechagua plastiki.

Dada, ule mngurumo wa nyaya za betri niutilie pete ya pili upande huo, au nifupishe nyaya kwanza?

Dada wa Maabara amejibu:

Zifupishe na uzisokote pamoja kwanza, kaka, kisha upime tena. Pete ya pili iwe ya mwisho, kwa sababu itakuongezea gharama katika kila chaja.