Laini tumesajili kwa vidole, bado mnatuchungulia hadi kwenye grupu la msiba?

Wakuu, nimechoka.

Tuna grupu la WhatsApp la ukoo, lilifunguliwa wakati wa msiba wa bibi. Juzi mjomba katuma picha ya dimbwi la barabara ya mtaani kwetu, kaandika: "Hii nayo ni lami?" Basi. Dakika haijaisha, admini kafuta. Nikampigia, ni mtoto wa shangazi, akaongea kwa kunong'ona kama yuko msibani kweli: "Kaka, humu tupo mia na ishirini, nawajua wote? Mimi nina watoto." Mtu anawaogopa ndugu zake!

Na simlaumu. Mwaka jana jirani yetu aliitwa kituoni kwa sababu ya status. Status, kitu cha saa 24! Akaikuta imechapwa kwenye karatasi, inamsubiri mezani. Aliyeichomoa kwenye simu yake hakutajwa hadi leo. Simu ikalala kule wiki tatu, ikarudi bila kesi wala maelezo.

Tulikesha kwenye foleni za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, tukatoa vidole, Januari 2020 waliochelewa wakaanza kuzimiwa laini. Eti dawa ya matapeli. Haya, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" wameisha? Jana nimepokea meseji mbili! Tapeli mwenye laini iliyosajiliwa haonekani, mjomba na dimbwi lake anaonekana.

Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wakatangaza anayetumia VPN, ile programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, atoe taarifa kabla ya tarehe 30, pamoja na anwani yake ya IP. Yaani nitundike pazia, halafu nikupelekee ramani ya dirisha. Usipofanya hivyo, faini kuanzia milioni tano, au jela. Mei 2025 X nayo, zamani Twitter, ikafungwa, ikawa bila VPN huingii. Unasukumwa kwenye kosa, kisha unaulizwa kwa nini umekosa.

Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: milioni tano kwenda juu, au miaka isiyopungua mitatu, au vyote. Anayeanza kuupima huo uongo ni nani? Si ndio haohao wenye dimbwi?

Mjomba kajitoa kwenye grupu. Michango yake sasa anamtumia shangazi moja kwa moja. Dimbwi lipo palepale, jana bodaboda kaangukia humo na abiria wake. Tulikuwa watu kama kumi pale, wote na simu mkononi, hakuna aliyepiga picha.