Toyota Aqua 2014: kuongeza betri ya kuchaji kwa stima ya nyumbani, inalipa hapa Malindi?

mja_wa_maweni:
Asalaam aleikum wadau. Gari ni Toyota Aqua NHP10 ya 2014, kilomita 138,000, betri ya hybrid ni ile ile iliyotoka nayo Japani. Safari ya kila siku ni Malindi hadi Watamu na kurudi, kama kilomita 46, na mara mbili kwa mwezi Mombasa. Fundi amenipigia hesabu: seli 16 za lithiamu za 3.2V 100Ah ndani ya buti, konveta ya kilowati 3 ya kupandisha volti kuzipeleka kwenye betri kubwa, na chaja ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida. Jumla KSh 290,000 pamoja na ufundi. Ameniahidi petroli itapungua nusu. Je, ni kweli? Na katika joto hili letu na hewa ya chumvi, ni kipi kinachoharibika kwanza?

fundi_volti:
Waleikum salaam ndugu. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua.

Seli 16 za 3.2V ni 51.2V, mara 100Ah, ni kilowati-saa 5.12. Usizimalize zote, tumia asilimia 80, zibaki kama 4.1. Lakini konveta ni ya kilowati 3. Watamu kwenda na kurudi ni kama saa moja ya kuendesha, kwa hiyo itatoa kilowati-saa 3 tu, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Aqua yenye kiyoyozi hula takriban wati-saa 150 kwa kilomita. Hizo 3 ni kilomita 20. Ikiwa gari lako linakwenda kilomita 20 kwa lita, umeokoa lita moja kati ya 2.3. Basi kuhusu petroli, fundi wako hayuko mbali sana na ukweli.

Alichokiacha ni stima. Ili gari lipate hizo kilowati-saa 3, ukutani utavuta kama yuniti 3.7 (yuniti ni kilowati-saa moja), kwa sababu konveta na chaja kila moja inakula sehemu yake. Chukua petroli 180 kwa lita na yuniti shilingi 30: umeokoa 180, umelipa 111. Faida shilingi 69 kwa siku. Siku 300 ni kama 20,700. Gawanya 290,000 kwa hiyo: miaka 14. Seli zenyewe zitakuwa zimechoka kabla, sembuse gari.

Na kuna jambo la mwendo. Mfumo wa Toyota una mota mbili na gia za sayari. Injini ikiwa imesimama, ile mota ndogo huzunguka kwa kasi kadiri gari linavyokimbia, na ina kikomo chake. Kwenye Prius ya toleo la pili, NHW20, hybrid nyingine ya Toyota, injini lazima izunguke ukipita takriban 67 kwa saa. Aqua haiko mbali na hapo. Barabara ya Malindi kwenda Gede watu wanakwenda 80, kwa hiyo injini itanguruma tu, umeme utakuwa unaisaidia. Ukitarajia kufika Watamu kimyakimya kama gari la umeme, utavunjika moyo. Aqua pia huwasha injini asubuhi ili ipashe moto eksozi, betri ijae isijae.

waya_na_nati:
Nakubaliana na hesabu ya @fundi_volti. Mimi nitajibu lile la kuharibika, maana hapo ndipo watu wanapopoteza gari zima.

La kwanza ni mahali waya wa konveta unapounganishwa. Betri ya Aqua ina moduli 20 za nikeli (vifurushi vya seli) za 7.2V, jumla 144V, na sensa ya mkondo imekaa kwenye waya mnene unaotoka kwenye betri. Kompyuta hujua kiasi cha chaji kwa kuhesabu kinachopita kwenye sensa ile. Waya wa konveta ukiingia upande wa gari, umeme unaorudi kwenye betri hupita kwenye sensa, kompyuta inaona chaji inapanda na yenyewe inaamua kutumia mota zaidi. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiingia upande wa betri, sensa haioni kitu. Betri inajaa, kompyuta inadhani bado, inazidi kuijaza. Moduli za nikeli zikijazwa kupita kiasi huchemka na kuvimba, halafu unakuja msimbo wa hitilafu P0A80 (betri ya hybrid imechoka) na taa ya pembetatu. Mwulize fundi wako swali hilo moja tu, unaunganisha upande gani wa sensa. Akisitasita, chukua funguo zako.

La pili ni nati. Mwaka 2008 huko Marekani, Prius iliyoongezwa betri ya namna hii iliwaka moto. Uchunguzi ulikuta viungo vya bolti havikufungwa sawasawa. Kiungo kilicholegea kina ukinzani, mkondo mkubwa ukipita kinakuwa pasi ya moto. Kwa upande wa 51V, kilowati 3 ni karibu ampia 60 mfululizo kwa saa nzima. Waya uwe wa milimita za mraba 25 au zaidi, vichwa vibanwe kwa mashine ya haidroliki, siyo nyundo wala risasi ya kuchomelea, na spana iwe ya kupima nguvu. Nati za moduli za Toyota hukazwa 5.4 Nm tu. Wengi huzivunja kwa kudhani kukaza sana ndiyo usalama.

La tatu, chumvi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli hugeuka kijani, na nyaya ndogo za kupimia volti huliwa kwenye vichwa vyake. Ukiongeza boksi jingine kwenye buti lenye unyevu, umeongeza njia ya umeme kuvujia bodi. Gari hupima jambo hilo kila mara, na likigundua linatoa msimbo P0AA6 na mara nyingi linakataa kuwaka tena ukishalizima. Boksi lifungwe kwa mpira pande zote, lisikae chini ya stepni mahali maji ya kuosha gari yanapokusanyika.

Joto: seli za LiFePO4, ndizo hizo za lithiamu za 3.2V, hazitakiwi kuchajiwa zikipita 45°C. Kaskazi ya Februari, gari limeegeshwa juani Watamu, buti linapita hapo bila shida. Chaji usiku, na mfumo wa kulinda seli uwe na sensa ya joto inayokata chaji yenyewe. Chaja wekeni 56V, msifike 58.4V ambayo ni ukomo wa seli 16. Unapoteza chaji kidogo sana, seli zinadumu zaidi.

Fyuzi ziwe za mkondo wa DC, moja kila upande wa konveta. Swichi za kawaida za nyumba hazizimi cheche ya DC, zinayeyuka na kugandana zikiwa bado zinapitisha umeme.

kivuli_cha_mwembe:
Naomba kuweka upande wa pili. Mwenye sola juu ya paa halipi zile 111. Kwake faida ni 180 nzima, siku 300 ni 54,000, na miaka 14 inashuka hadi mitano na kitu. Na anayezunguka mjini tu, Maweni, Shela, sokoni, uwanja wa ndege, mwendo wa 40, huyo atauona umeme ukifanya kazi kweli. Kwa hiyo si kitu kibaya kwa kila mtu.

Ila kwa @mja_wa_maweni ningesema hivi: seli 16 za 51.2V ndiyo betri ile ile ya sola za nyumbani. Ukiwa na laki mbili na tisini, zifunge ukutani na inveta. Zitakaa kivulini, hazitatikiswa na matuta, na stima ikipotea friji haitazima.

fundi_volti:
@kivuli_cha_mwembe sola sawa, lakini gari lake mchana liko Watamu na paa liko Malindi. Labda achaji kutoka betri ya nyumbani usiku, na hapo anahitaji betri mbili.

mja_wa_maweni:
Shukrani sana, nimeelewa. Kit naiacha. Sasa nina maswali mawili: hii betri ya zamani niipime vipi nijue imebakisha nini? Na mkiniambia niuze Aqua, ipo hybrid ya kuchaji iliyotoka hivyo kiwandani inayofaa huku?

waya_na_nati:
Kupima: nunua kisomeo cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari) cha bluetooth na programu ya simu inayosoma betri za Toyota. Pasha gari joto, kisha tafuta barabara tupu, kanyaga mafuta kwa nguvu sekunde kumi huku mwenzako akitazama volti za kila fungu la moduli. Tofauti kati ya fungu la juu na la chini ikiwa chini ya 0.3V, betri ni nzima. Ikipita volti 1 wakati wa kukanyaga, kuna moduli inayokufa. Usikubali kubadilishiwa hiyo moja kwa ya mtumba bila kupimwa uwezo wake kwanza. Moduli isiyolingana na wenzake huwaburuta, na baada ya miezi michache unarudi palepale.

Kabla ya hayo yote, safisha feni. Tundu la hewa liko chini ya kiti cha nyuma, na huku mchanga na nywele za zulia huziba chujio kabisa. Toa chujio, lioshe, likauke. Kama halijawahi kuguswa kwa kilomita 138,000, fungua na feni yenyewe usafishe mapanga kwa brashi laini. Feni ni ya 12V, lakini ukifika kwenye kifuniko cha betri: toa hasi ya betri ndogo, chomoa plagi ya rangi ya chungwa ukiwa na glavu za mpira za kuhimili volti 1000, subiri dakika 10, kisha pima uone sifuri ndipo uguse. Plagi hiyo itie mfukoni mwako, isikae juu ya kiti.

fundi_volti:
Ya kiwandani: Prius PHV ya ZVW52, ina kilowati-saa 8.8. Kwa sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, tafuta za 2019 hadi 2022. Vipimo vya Kijapani vinasema kilomita 68.2 kwa umeme. Kwa kiyoyozi cha Malindi weka 40 hadi 50 akilini, ambayo ni Watamu kwenda na kurudi. Mwendo wa 80 inakwenda kwa umeme bila kuwasha injini, maana humo mota zote mbili zinasukuma magurudumu.

Kebo inayokuja nayo ni ya stima ya Japani, 100V na 200V. Usiibadilishe plagi ukaichomeka kwenye 240V yetu. Nunua nyingine ya Type 1 (umbo la kichwa kinachoingia kwenye gari hili) yenye plagi ya pini tatu za mraba na kiteuzi cha ampia, uiweke 10. Itachaji kwa saa nne hivi. Soketi iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, waya wa 4 mm², na mwite fundi wa stima apime ethi. Mchanga wa huku ukikauka ethi inakuwa jina tu, na gari litakataa kuchaji huku ukilaumu kebo.

mja_wa_maweni:
Chujio nimelitoa sasa hivi. Limeziba kabisa, hata mwanga haupiti. Naliosha, jioni nitasoma volti niweke namba hapa.