Droni ya kupima upepo: majaribio Makambako kabla ya kwenda Olduvai

Kijana_Makambako: Wakuu, naomba ushauri. Tuna droni ya propela nne, kilo 1.4. Lengo ni kupima upepo na joto juu ya tuta la mchanga unaohama kule Olduvai, ila tuanze kwenye vilima vya Makambako, upepo huku haukosekani. Kipima upepo cha mawimbi ya sauti hatukiwezi kwa bei. Droni yenyewe inaweza kutupa kasi ya upepo? Na sensa ya joto tuifunge wapi?

Fundi_Iyunga: Inaweza, mkuu. Droni ikisimama angani kwa GPS huinamia kule upepo unakotoka, na upepo ukizidi nayo huinama zaidi. Mwinamo na uelekeo vyote vimo kwenye rekodi ya safari. Simika mlingoti wa mita 10 wenye kipima upepo cha vikombe, isimamishe droni kimo hichohicho, mita 15 pembeni ili propela zisipulize vikombe. Chukua wastani wa dakika 2, urudie kwenye upepo mdogo hadi mkali. Kisha chora tanjiti ya mwinamo dhidi ya kasi kipeo cha pili, nukta zitakaribia mstari mnyoofu, na mstari huo ndio utakaokugeuzia mwinamo kuwa kasi ya upepo. Ukibadilisha betri kwa nzito zaidi au ukiongeza kamera, anza upya.

Vipimo vya Dar usivilete huku. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, takriban asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo upepo uleule unaisukuma droni kidogo na utasoma kasi pungufu kwa asilimia 7 au 8. Olduvai haipishani sana na Makambako kwa mwinuko, hapo mmechagua vizuri.

Hewa_Iringa: Sensa ikae chini ya ncha ya propela, mbali na mota na betri, ndani ya kibomba cheupe. Upepo wa propela unaipitishia hewa muda wote na jua haliipati. Tumia data za kupanda tu, maana droni ikishuka inapita kwenye hewa iliyokwisha kuivuruga. Halafu panda taratibu: sensa inayohitaji sekunde 5 kuzoea, ukipanda mita 2 kwa sekunde, inakupa joto la mita 10 nyuma.

Kijana_Makambako: Shukrani sana wakuu. Kule kwenye tuta lenyewe tujihadhari na nini?

Fundi_Iyunga: Mchanga wenyewe. Ni jivu jeusi la Ol Doinyo Lengai, lina madini ya chuma yanayonasa kwenye sumaku, na mota zimejaa sumaku. Punje zikiingia, mota inakwaruza, inapata moto, inakufa. Rushia na utulie juu ya turubai lililobanwa kwa mawe, upande upepo unakotoka, mbali na tuta, na dira irekebishwe hapohapo. Usishuke chini ya mita 5 juu ya tuta, propela zitatimua mchanga. Huko chini weka milingoti mifupi yenye vipima upepo.

Hewa_Iringa: Nyongeza: kileleni upepo huenda kasi kuliko miguuni, ila nyuma ya kilele hujizungusha na kurudi, wastani wa mwinamo pale utakudanganya. Chomeka vijiti vyenye utepe, uvipige video kutoka juu. Vibali ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na kwa Olduvai uwaone pia Mamlaka ya Ngorongoro, mapema kabla hamjakata tiketi.